Kaptura ya bei ya kondoo

Saa kumi na moja alfajiri, Nubia Siachoque anapanda mlima wa El Cucharo akiwa amesimama juu ya pedeli. Hajakaa kwenye kiti tangu aondoke kwenye tanuri. Nyuma yake, ndani ya kapu lililofunikwa blanketi, kuna almojábana mia tatu, mikate ya jibini ambayo maduka ya Duitama, mji wa milimani nchini Kolombia, huitaka ikiwa ya moto, la sivyo hayaitaki kabisa.

Baridi inauma masikio. Kila mama huyu wa miaka arobaini na mmoja anapojaribu kukaa, anasita, anajiinua tena.

"Usiniulize kitu sasa hivi, sumercé," anamwambia, kwa neno la heshima la milima hii, mwandishi wa makala haya, anayemfuata kwa baiskeli ulimi ukiwa nje. "Tukifika juu nitajua kama nimetupa hela au la."

Hela anazozisema ni peso laki tatu na tisini elfu. Ndiyo bei ya kaptura nyeusi ya baiskeli aliyoivaa chini ya sketi, na ni kama theluthi ya anachopata kwa mwezi. Kwa fedha hizo watu wa huku hununua kondoo, na kondoo angalau anazaa.

Lakini leo si suala la hela tu. Asipofika dukani kabla ya saa kumi na mbili, atapoteza kazi aliyoifanya kwa miaka tisa.

Mwenye tanuri ni doña Tránsito Cely, aliyemsimamia binti wa Nubia siku ya ubatizo. Tangu hapo wanaitana komadre, na ukomadre huo ndio uliomlinda Nubia alipoanza kuchelewa mwezi uliopita. Ijumaa uvumilivu ukaisha.

"Komadre, nakupenda, lakini mikate iliyopoa nimuuzie nani?" doña Tránsito alimwambia. "Jumatatu ukichelewa tena, kapu anachukua Gildardo. Mwenzio ana pikipiki."

Gildardo, kijana anayeimezea mate kazi hiyo, alikuwa amesimama hapo hapo, anachezea funguo. "Pumzika, doña Nubia," akatupa dongo. "Umri wako ni wa kukaa."

Hakujua kwamba kukaa ndiko kulikokuwa kumemshinda. Nubia alikuwa na jipu, mahali ambapo mwanamke wa milima hii hapataji hata mbele ya daktari. Muuguzi wa zahanati alilitumbua, akamwambia bila kumung'unya maneno: aache baiskeli, au anunue kaptura nzuri yenye sponji, ile ya watu wa mashindano. Ya sokoni, ya elfu arobaini, alishaijaribu. Sponji yake ilijikunja kama tambara la kuoshea vyombo.

Nyumbani, mumewe Floresmiro, kibarua wa mashamba ya viazi, alicheka mpaka akakohoa. "Laki nne kasoro, kwa kitu cha kukalia! Mimi ninayekalia gunia siku nzima nilipwe ngapi?"

"Mlima utaupanda wewe?" Nubia akamuuliza.

Kesho yake akaenda kwenye duka la baiskeli.

Duka ni la don Anselmo Pesca, mzee aliyeshindana ujanani na ambaye wapanda baiskeli wa mkoa huu wa Boyacá humvulia kofia. Alimkadiria Nubia kwa jicho moja, akaifunga kaptura kwenye karatasi, akainamisha kichwa. "Itakufaa sana, sumercé." Hakuongeza neno.

Nubia akaivaa. Siku ya kwanza kidonda kikafunguka. Siku zilizofuata kikatoka damu, na hivyo ndivyo mikate ya wiki nzima ilivyofika baridi. Akaona wazi kwamba ameibiwa. Jumamosi iliyopita, siku moja baada ya onyo la komadre wake, aliingia dukani na kaptura ndani ya mfuko. Wanaume walikuwa wamejaa humo, wanakunywa kahawa.

"Don Anselmo, nirudishie hela zangu. Kitu chako kinaua."

Wote wakageuka. Mzee akawa mwekundu kama nyanya. "Sumercé... pengine... ile nguo nyingine... ile ya..." Akageukia jikoni. "Elvira! Elvira, njoo haraka!"

Mkewe akatoka jikoni, mikono imejaa unga, akamvuta Nubia nyuma ya pazia.

"Unaivaa na chupi?" doña Elvira akauliza.

"Sasa nivae na nini?"

"Bila, mama! Bila kitu chochote! Sponji inatakiwa igusane na ngozi. Chupi ina pindo, pindo linakusaga, na wewe unakazana na mlima. Hata ningekuwa mimi ningetoka damu!"

"Nitoke nyumbani kwangu bila chupi?"

"Ndiyo! Na huyu mzee wangu anajua hayo miaka arobaini. Ila kumwambia mwanamke? Bora afe."

Jamani! Adabu yetu hii, sumercé huku, sumercé kule, kofia mkononi na macho chini, ndiyo iliyomwacha mama wa watu akivuja damu wiki nzima na nusura anyang'anywe kazi. Neno moja tu lingetosha. Inatia hasira.

Jumapili nzima Nubia alikuwa akiishika kaptura na kuiweka. Asubuhi hii amefunga bandeji mpya, akaivaa kama alivyoelekezwa, na bado haamini.

"Marehemu mama alituambia, hata ukigongwa na gari ukutwe na chupi safi," anasema sasa, mlima ukianza kulegea. "Nikigongwa leo je?"

Kileleni barabara inanyooka. Nyuma inasikika pikipiki. Ni Gildardo, anakuja taratibu, anajiweka kando yake.

"Lete kapu, mama. Utaumia bure."

Nubia anakunja uso, anajishusha polepole kama anayeingia kwenye beseni la maji ya moto. Anakaa. Anafumba macho kidogo.

"Inauma," anasema. Anakanyaga mara kadhaa. "Inauma, lakini haisagi. Mama yangu, haisagi!"

Na hapo anaanza kukimbia kwelikweli. Anateremka kuelekea mjini, sketi inapepea, hata mwenye pikipiki analazimika kuongeza moto.

Mwenye duka la kwanza anaingiza mkono chini ya blanketi, anauchomoa upesi, anapuliza vidole. Kisha anampigia simu doña Tránsito. "Ya moto," anasema. "Tena sana." Nubia anasimama akisikiliza sauti ya komadre wake ikitoka kwenye simu: "Mwambie kesho nampakilia mia tatu na hamsini."

"Na kesho kutwa?" Gildardo anachokoza.

"Njoo unisindikize," Nubia anamjibu. "Barabara haina mwenyewe."

Akiwa na kikombe cha maji ya moto ya sukari guru, machozi yanamtoka Nubia, wala hayafichi. Je, kaptura ina thamani ya bei yake?

"Sitamdanganya mtu," anasema. "Anayekwenda kanisani na kurudi, anunue kondoo. Mimi nimenunua kazi yangu. Lakini kama yule mama asingeniambia, leo ningeitia motoni na kapu ningelikabidhi."

Anawajua wanawake wengine wanaopanda El Cucharo na madumu ya maziwa, wamesimama juu ya pedeli kama yeye. Siku zote alidhani wana nguvu. Sasa anajua kwa nini hawakai. Amekubaliana na doña Elvira kwamba kila Jumamosi mchana atakuwa nyuma ya lile pazia, awaambie yeye mwenyewe, kwa maneno yasiyozunguka, nini cha kuvaa na nini cha kuvua.

Kwa kuwa mambo haya ni ya ndani, mwandishi anamuuliza kama angependa jina lake libadilishwe gazetini. Nubia anaweka kikombe mezani.

"Wewe, andika Nubia Siachoque, wa El Cucharo, nyumba ya bati la kijani. Ukinificha, wenzangu watakuja kumuuliza nani?"