Afisa Usalama wa Magobore

Siku hizi nikiitwa "afisa" ndani ya lifti nacheka mpaka watu wananigeukia. Anayeniita hivyo ni jirani yangu wa ghorofa ya kumi na moja, hapa ughaibuni, Thorncliffe Park, na namshukuru Mungu kwamba bado yupo wa kuniita. Kuna wiki mbili neno hilo lilikaribia kumhamisha mji, na kosa lilikuwa la mdomo wangu. La vidole vyangu, tuseme ukweli, maana niliandika.

Lakini nianze na magobore. Nafanya kazi jikoni kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu aliyekuja kila wiki kumwona mama yake. Akimaliza anapita jikoni kuomba chai. Huyo mwalimu, Jumamosi za kiangazi, anavaa koti jekundu la askari wa Kiingereza wa zamani na kofia ndefu, anakuwa kapteni. Ana kikundi cha watu wanaoigiza vita vya miaka mia mbili iliyopita, Waamerika walipovuka ziwa wakaja kuuchoma mji huu. Wanakutana kwenye ngome ya zamani, wanapiga mahema, wanafyatua magobore yasiyo na risasi, baruti tupu, na watalii wanapiga picha. Aliposikia kwamba nimekulia Tanga nikipikia kuni, akaniomba niende nikawaonyeshe, kwa sababu supu yao ilikuwa moshi mtupu. Nikaenda. Nikawakuta watu wazima na digrii zao wanapuliza moto mpaka machozi yanawatoka. Nikawafukuza wote, nikapanga mafiga matatu, na baada ya saa moja wakala wakanyamaza. Tangu siku hiyo nikawa mwanachama.

Halafu ukaja mkutano wa mwaka. Afisa wao wa usalama alisema magoti yamemshinda, anaachia ngazi. Kazi yenyewe ni ya kujitolea, haina hata nauli ya basi: kukagua kila gobore kabla ya onyesho, kutunza baruti, kuhakikisha hakuna mtazamaji anayevuka kamba. Kila mtu akaanza kuangalia viatu vyake. Kapteni akasema yeye anamjua mtu ambaye tayari anawafokea wote wanaosogelea moto, na wote wanamwogopa. Wakanigeukia. Mimi ni mtu wa mdomo, sikatai. Wakanyoosha mikono, nikapita. Wakaniapisha kwa utani, mkono juu ya daftari lao la kanuni, na kapteni akanieleza jambo lililonifurahisha kuliko yote: afisa usalama akiinua mkono, hakuna gobore linalolia, hata kama amri imeshatoka. Jamani! Miaka kumi na minne nakata karoti za wazee, leo jeshi zima linangoja mkono wangu.

Furaha ilinijaa. Ndani ya basi nikatoa simu nikaandika kwenye kundi letu la akina mama wa Kiswahili: "Ndugu zangu, nipeni hongera. Leo nimeapishwa kuwa afisa usalama. Kazi inaanza mara moja." Picha sikutuma, kwa sababu koti lilikuwa halijapunguzwa mikono na nilionekana kama nimeazima nguo ya kaka yangu.

Wewe unayesoma umeshaelewa. Mimi sikuelewa. Nilikuwa nimechukua cheo chao cha Kiingereza nikakigeuza Kiswahili hivyo hivyo, na kichwani mwangu palikuwa na baruti, kamba na ndoo za maji. Kichwani mwa wenzangu walikuwemo wale jamaa wa serikali wanaokaa meza ya pembeni na soda moja kutwa nzima, wanasoma gazeti lile lile.

Kundi likawa kimya. Mmoja akatuma kidole gumba, akakifuta. Jumamosi tuliyokutana kunywa chai kwenye ukumbi wa chini wa jengo letu, nikashangaa watu wanavyonipisha. Kuna mzee mmoja, mume wa mwenzetu, ambaye toka nimjue huilaani serikali ya kwetu kuanzia sambusa ya kwanza hadi kikombe cha mwisho. Siku hiyo alisimama mbele yangu, akakohoa, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba barabara za nyumbani siku hizi ni nzuri sana, na viongozi wanajitahidi. Nikamuuliza kama ana homa. Akaondoka bila kumaliza chai.

Hayo yote ningeyavumilia. Kilichoniuma ni jirani yangu. Sisi wawili tulikuwa kitu kimoja. Yeye ni mdogo wangu kwa miaka kumi hivi, ananiita dada, na Kiswahili chake si cha Tanga lakini ni kitamu. Kila Jumapili alishuka kwangu tukapika chapati. Wakati huo alikuwa anangoja barua, ile ya kumpa tarehe ya kusikilizwa ombi lake la hifadhi, na tulikubaliana kwamba siku hiyo nitakwenda naye, nikae nyuma yake tu, aone kuna mtu. Jumapili ile hakushuka. Nikampigia, haikupokelewa. Jumapili ya pili, simu haikuita kabisa. Nikamwona mbali sokoni, akageuza toroli akaingia upande wa sabuni.

Nilikasirika. Nilisema maneno ambayo leo yananiaibisha. Nilimwambia binti yangu kwamba yule ana wivu, amenionea gere kwa cheo changu. Binti yangu, ambaye hunisikiliza kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza, alisema labda nimuulize mwenyewe kabla ya kumhukumu. Nikamwambia anyamaze, yeye anajua nini.

Siku ya Alhamisi nikateremka chumba cha kufulia, nikamkuta peke yake, amejiinamia mashine. Nilikuwa nimeandaa maneno makali. Aliponiona alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta, halafu akapita ubavuni mwangu, mbio, akaacha nguo zake zote zikizunguka. Nilizingoja zile nguo zikafuliwa, nikazihamishia kwenye mashine ya kukaushia, nikakaa kwenye kiti cha plastiki nikiwaza nimemfanya nini mtoto wa watu. Zilipokauka nikazikunja, nikapanda nazo ghorofa ya kumi na moja, nikabisha hodi.

Mlango ulifunguka kiasi cha mnyororo wake. Nyuma ya bega lake niliona maboksi, mengine yamefungwa kwa gundi. Alikuwa anahama. Hakuangalia nguo. Aliniangalia machoni, akasema taratibu, "Waambie sina kitu. Waambie sikuandika chochote, na sijui alipo."

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilitamani sakafu inimeze. Mwaka mmoja kabla, tukikanda unga, alinisimulia mara moja tu, bila kurudia, kwamba watu walikuja nyumbani kwao, kule alikotoka, wakasema ni watu wa usalama, wanamhitaji mumewe kwa dakika chache. Hadi leo. Na mimi niliyeambiwa hayo nimekalia kiti cha basi nikajitangaza afisa usalama, tena "kazi inaanza mara moja." Mtu mzima mimi!

Nikaanza kujieleza palepale kwenye korido, nguo kifuani. Nikamwambia ni usalama wa baruti. Usalama wa kamba! Nakagua magobore ya maonyesho, nafukuza watalii, cheo ni cha bure, kapteni ni mwalimu mstaafu wa jiografia. Kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kusikika kama uongo, hata masikioni mwangu. Nani anaamini habari ya mama wa Tanga kuvaa koti la Mwingereza? Alipokea nguo kupitia uwazi wa mlango. Nikamwomba mambo mawili. La kwanza, asihame kabla barua haijafika, kwa sababu barua inakuja kwa anwani hii, na ikimkosa, kila alichongoja kimekwisha. La pili, Jumamosi aje ngomeni aone kwa macho yake. Kutakuwa na milio, ila hakuna risasi hata moja. Akafunga mlango, nikasikia ufunguo ukizunguka mara mbili.

Ijumaa nzima nilikata karoti vibaya.

Jumamosi nilikagua magobore kumi na sita. Unadondosha ufito wa chuma ndani ya mtutu: ukilia kama kengele, mtutu ni mtupu, ukitoa sauti butu, kuna kitu. Yote yalilia. Nikaweka ndoo za maji, nikakaza kamba, nikawafokea vijana wawili walioikalia. Watu walijaa. Kila mwanamke aliyepita nilimtazama, na hakuwa yeye. Kapteni akapanga safu, wakatia baruti, wakashindilia, wakainua. Akainua upanga.

Hapo nikamwona. Alikuwa ametokea kwenye pembe ya ukuta, ndani ya koti lake la kahawia, upande wa ndani wa kamba, hatua kama thelathini kutoka kwenye safu, amesimama wima, mikono imeganda ubavuni. Alikuwa anayatazama magobore, hanitazami mimi.

Nikainua mkono.

Kapteni aliuona. Upanga ulibaki juu, halafu ukashuka bila amri. Magobore kumi na sita yakaelekezwa mbinguni, vidole vikatoka kwenye vifyatulio. Watazamaji wakaanza kunong'ona. Mimi nikaanza kutembea kwenda kwake, mkono bado juu kwa sababu kanuni inasema usiushushe, na koti langu lenye mikono iliyokunjwa kwa pini, na kofia iliyonifika nyusi. Lazima nilikuwa kituko. Nilipomfikia nikasimama kati yake na safu.

"Waambie wasubiri kidogo," akasema.

Nikageuka, nikawaambia kwa Kiingereza changu cha jikoni kwamba tunasubiri. Kapteni akaitikia kwa kichwa. Na wakasubiri, wallahi, jeshi zima, jua linawapiga na makoti ya sufu. Hakuna aliyeuliza kwa nini wala kwa muda gani. Yeye aliwatazama mmoja mmoja: mwenye miwani, mwenye kitambi, yule dada mpiga ngoma. Akatazama mkono wangu uliokuwa umeanza kufa ganzi. Akavuta pumzi ndefu, ikatoka kwa vipandevipande.

Akaziba masikio kwa viganja, akarudi nyuma ya kamba bila kuambiwa. "Haya," akasema. "Sasa waambie wapige."

Nikashusha mkono. Ngome nzima ikajaa moshi, na ulipopungua nilimkuta amechuchumaa, mabega yanatikisika, nikamkimbilia nikidhani nimemuua. Alikuwa anacheka. Alicheka na kulia pamoja, akanishika pindo la koti akaniuliza ni fundi gani aliyenishonea aibu hii. Nikaketi chini kando yake, kofia na vyote, na roho yangu ikatulia kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili.

Kwenye basi la kurudi alinilazimisha niandike kwenye kundi, yeye akisoma begani. Nikaandika kwamba mimi ni mwangalizi wa kamba na baruti za maonyesho, sina mwajiri mwingine zaidi ya jikoni, na nikatuma picha, mikono mirefu na yote. Simu haikunyamaza mpaka tukafika. Yule mzee wa barabara nzuri alirudia matusi yake jioni hiyo hiyo, nikayasoma kwa raha.

Usiku nilipanda kumsaidia kufungua maboksi. Tulirudisha masufuria kabatini, tukarudisha jina lake kwenye kisanduku cha barua alikokuwa amelibandua. Jumanne ya pili yake barua ikaja, ikamkuta.