Sampuli Kwenye Visahani

Wewe unayesoma, umewahi kuona mtu akisaini sahani ya chakula? Mimi nimeona, Jumamosi, hapa Guangzhou, nikiwa na digrii isiyo na kazi na tumbo tupu tangu asubuhi.

Mama mmoja wa Mwanza, mnunuzi wa jinzi, alikuwa ananijaribu ukalimani: nikimridhisha, kazi ni yangu. Tulipotoka viwandani Xintang nikampeleka kwenye baa ya tapas, vile vyakula vya Kihispania vya visahani vidogo. Vijana wa Kichina walijaa, kelele mpaka darini.

Vikaja visahani viwili, kamba wa kitunguu saumu na viazi. Nikanyoosha mkono. Akaupiga.

"Usiguse sampuli, mwanangu!"

Akatoa maka peni, akasaini ukingo wa kila kisahani na kuweka tarehe, kama afanyavyo kiwandani ili wasimbadilishie mzigo.

"Mwambie laoban, huyo bosi wao, nimepitisha. Sasa alete mzigo wenyewe."

"Mama, chakula chenyewe ndicho hiki."

"Hiki? Yaani umesoma hapa miaka yote, bado wanakuzuga?"

Basi, nikatafsiri. Mhudumu akainama kwa heshima, akavibeba visahani na kuvipanga kaunta kama vikombe vya ubingwa. Meza ya jirani wakaomba kalamu wasaini na wao. Mama akaniambia sijui kubana wauzaji. Kazi meiyou, yaani hakuna, chakula meiyou. Seriously?

Wenye baa, bandikeni mlangoni kwa Kiswahili kwamba hicho kidogo ndio mzigo wenyewe. Niajirini mimi niandike. Na kamba wangu mnirudishie.