Sukuma ya kukaanga ilivyomwondoa paka wa dada yangu

Wakuu, niaje. Nina uchungu, kwa hivyo mnivumilie. Haya yalitokea kwangu, hapa Tassia, na siongezi chumvi.

Dada yangu Nekesa alipopata kazi Qatar, aliniachia nyumba na paka wake, Kadogo. Kila Jumapili akipiga simu ya video, ananisalimia mbio mbio, kisha: "Haya, nionyeshe mtoto wangu."

Kadogo alikuwa anakula sukuma wiki! Majirani walikuja kumtazama, nami nikijigamba kama mwenye ng'ombe wa maziwa.

Nekesa alikuwa na tabia moja niliyoicheka. Kabla ya kukaanga, alitoa majani machache, akayachemsha kwa maji matupu, akamchanganyia Kadogo na dagaa wa omena. Nilimwambia anamlisha paka kama mgonjwa wa wodini. Hakueleza, nami sikuuliza.

Alipoondoka, nikaona hiyo ni kazi bure. Nikawa nampakulia kutoka sufuria yangu, na mchuzi namwagia ugali wake. Na mnajua tunavyopika: kitunguu kwanza, tena kingi. Alikula akalamba sahani.

Baadaye akaanza kulegea. Nikasema ni minyoo, nikanunua dawa, nikangoja. Huko kungoja ndiko kunaniuma zaidi. Fizi zikawa nyeupe, mkojo ukawa kama chai ya rangi.

Daktari wa mifugo kule Kayole alimfungua mdomo, akauliza anakula nini.

"Sukuma, daktari. Anaipenda sana."

"Yenye kitunguu?"

"Sasa sukuma bila kitunguu ni sukuma gani?"

Hakucheka. Alisema kitunguu, kibichi au kilichopikwa, huharibu damu ya paka. Kitunguu saumu pia.

Kadogo alifia pale mezani.

Jumapili simu ikalia. Nikamwambia Nekesa yote. Akasema, "Wafula, si ulikuwa unaniona nikimtolea yake kando?"

Nilikuwa namwona.

Wakuu, paka wako akipenda mboga, mchemshie kidogo tu. Karoti, malenge, hata sukuma, lakini bila kitunguu, chumvi wala mafuta, na chakula chake hasa kibaki nyama au samaki. Akilegea, mkimbize kwa daktari. Usijifanye daktari kama mimi.

Wenye paka, semeni mnawapa nini. Hata wa kunitukana, karibuni.

Nekesa bado anapiga kila Jumapili. Siku hizi ananisalimia polepole, ananiuliza hadi habari za kazi, na simu inaisha hapo.