Neno Alilobandikwa Korbinian

Korbinian alikuwa na miaka hamsini na minane, hajaoa, na aliamini kijiji kizima cha milimani Bavaria kinamteta. Akiingia kunywa bia, alihisi mazungumzo yamekatika. Halafu siku moja, akipita chini ya dirisha la kaka yake, alimsikia shemeji yake Walburga akimwambia mgeni, "Huyo? Huyo ndiye Hagestolz wetu."

Kwa Kijerumani, neno hilo ni kapera mzee, na nusu yake ya mwisho, stolz, ni mwenye majivuno. Yeye, majivuno! Akamnunia Walburga miaka tisa.

Mwaka huo wa tisa, gari la maktaba lilipokuja kijijini, aliomba kamusi ya asili ya maneno.

"Unatafuta neno gani?" Bi Hedwig, mkutubi, alimuuliza.

"Yanayoanza na H."

"Yote?"

"Kwani ni kosa?"

Akampa kisogo, akaukinga ukurasa kwa kofia yake.

Kamusi ilisema hapo kale neno hilo halikuwa na majivuno ndani yake. Hag ni ua, yaani uzio. Kipande cha pili kilimaanisha mwenye kumiliki. Hagestolz alikuwa ndugu mdogo aliyeachiwa kijishamba kilichozungushiwa ua, kaka akirithi shamba kubwa, naye asiweze kulisha mke. Baadaye watu walikisahau kipande hicho, masikio yao yakaanza kusikia stolz.

Alisoma mara tatu, akishuku wachapaji wamekosea. Maana hayo yalikuwa maisha yake. Kaka yake Xaver alirithi shamba na ng'ombe. Yeye alipata kibanda na bustani ya viazi. Alipokwenda kumposa Rosina, baba mtu alimuuliza swali moja tu: "Hapo utafuga ng'ombe wangapi?"

Akaenda moja kwa moja kwa Walburga, akamkuta jikoni.

"Nani alikufundisha kuniita Hagestolz?"

"Makubwa! Kumbe ndicho ulichoninunia? Ni mama yenu, shemeji. Siku mlipogawana mali, alikutazama ukibeba godoro lako, akalitamka neno hilo huku analia."

"Analia nini?"

"Sasa mimi ningemuulizaje mama mkwe?"

Korbinian alimkazia macho, akitafuta uongo usoni mwake. Hakuuona, lakini hakuacha kuutafuta. Walburga akamvutia kiti, akampakulia supu ya maini. Akaketi, akala vijiko vitatu, akakiweka kijiko chini.

"Una hakika alikuwa analia?"

"Kula, shemeji. Inapoa."