Bi Mapovu na Hewa Iliyojibanza Kwenye Rejeta

Saa mbili kasorobo asubuhi. Gari dogo jeupe limeinuliwa pua juu, magurudumu ya mbele yamekanyaga vipande vya mbao. Faneli imesimama kwenye mdomo wa rejeta, na mwanamke mwenye ovaroli ya bluu ameinama kama anayechungulia kisima.

"Washa hita mpaka mwisho," anamwambia dereva. "Inapuliza nini?"

"Baridi."

Fundi anauma mdomo. Injini imepata moto, hita inapuliza baridi: kuna hewa imejibanza ndani, na maji hayapiti.

Madereva humwita Bi Mapovu. Ana miaka arobaini na sita, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimalizia gereji. Mjomba wake ndiye aliyemfundisha. Kwa wiki hupokea magari manne au matano yaliyochemka, mengi yameshapita kwa mafundi wa "jaza maji, twende".

Hili lilipasuka mpira wa maji jana. Mpira mpya umeshafungwa, imebaki kutoa hewa. Lakini dereva hatulii. Mama yake, aliyekaa kwenye benchi na mtandio wake, anatakiwa hospitalini saa nne kamili. Figo zimechoka, damu husafishwa kwa mashine. Safari ni saa nzima, na njiani kuna mlima.

Fundi anaubinya mpira kwa kitambaa. Bluku, bluku. Mapovu yanapanda, maji yanashuka, anaongeza.

"Dada, bado tu? Si yamejaa?"

"Juu yamejaa. Chini sijui."

Anajua anachokiogopa. Miaka miwili iliyopita dereva wa teksi alimharakisha, naye akakubali. Gari likazimika mlimani likiwa na mjamzito, akajifungulia kiti cha nyuma.

"Mama na mtoto walipona," anasema, macho hayatoki kwenye faneli. "Mimi ndiye sijapona. Gari likitoka hapa, sishiki kazi nyingine mpaka nisikie limefika."

Feni inawaka, inazima, inawaka tena. Hita sasa inapuliza moto. Dereva anamwita mama yake wapande. Fundi anazima injini na kuchomoa ufunguo.

"Ipoe kwanza, nipime maji tena."

"Unataka kuniulia mama?"

Fundi anautia ufunguo mfukoni mwa ovaroli. Sauti inatoka kwenye benchi: "Mwanangu, damu yangu imechafuka tangu juzi. Dakika ishirini hizi haitazihesabu. Mwache mwenzio afanye kazi."

Mpira unapopoa, fundi anafungua mfuniko. Maji yamepungua karibu nusu lita. Dereva anachungulia, kisha anamsogezea dumu la maji ajaze.

Wanaondoka saa tatu kasoro dakika saba. Bi Mapovu anashika spana, anaiweka. Anaishika tena. Chai yake inaota utando.

Saa nne kasoro dakika nne simu inaita.

"Tumefika. Mlima wote sindano ya kipimo cha joto haikucheza. Dada, nisamehe kwa lile neno."

Anakaa chini, pumzi zinamtoka. "Limekwisha. Jumamosi ijayo una nafasi?"

Ana mpango wa kuwafundisha bure madereva wanaobeba wagonjwa: kupima maji, kusoma hita, kusimama mapema. Wameshajiandikisha sita.

"Gari haliungui ghafla," anasema. "Huanza kwa kulalamika. Nataka wawepo wengi wa kulisikia, nisiwe peke yangu."

Kwenye simu dereva anauliza: "Saa ngapi?"