Makasia ya Ravdna

Watu wa bonde letu wakitaka kunisifu husema Jovnna ana mkono wa samoni. Mkubwa kuliko wote niliowahi kuwavua alikuwa na kilo ishirini na mbili, na picha yake bado iko ukutani sebuleni. Mimi niko katikati natabasamu, samaki kaning'inia begani, mkia unagusa buti langu. Pembeni kabisa unaonekana mkono wa mtu umeshika kasia. Mkono huo ni wa mke wangu, Ravdna. Mpiga picha hakuona haja ya kumwingiza mzima, na mimi sikuona haja ya kumwambia.

Ravdna alizaliwa sehemu ya juu ya mto wetu, Deatnu, pale unapobanwa na miamba na maji yanapiga kelele mchana kutwa. Aliingia mashuani ana miaka kumi na mmoja, kwa sababu baba yake hakuwa na mtoto wa kiume na mgongo ulikuwa umemwisha. Huku kwetu samoni hatumvui kwa kusimama ukingoni na kurusha mshipi. Wanaingia watu wawili kwenye mashua nyembamba. Mmoja anakaa nyuma na fimbo ya kuvulia, mshipi kauachia maji. Mwenzake anapiga makasia kushindana na mto, lakini anauachia kidogo kidogo umrudishe chini, huku akivuka ng'ambo hii na ng'ambo ile, ili chambo kipite mbele ya kila jiwe ambako samaki huenda kapumzika. Ravdna anayajua mawe ya mto ule kuliko anavyowajua wajomba zake. Anajua lipi linakaliwa maji yakiwa mengi na lipi linakaliwa yakipungua. Ana viganja vigumu, mabega mapana, na si mwanamke wa maneno.

Nilipokwenda kuposa, baba yake aliniuliza swali moja tu.

"Unaweza kukaa kitako bila kutikisika?"

"Naweza, mzee."

"Basi utamfaa."

Nilidhani ananitania. Nilicheka peke yangu.

Nilikaa kitako miaka ishirini na sita. Nilimpa Ravdna mgongo, macho kwenye mshipi, naye nyuma ya mgongo wangu akipiga makasia kimya, kwa muda wa saa nne, hata saa sita, mvua na mbu. Nikimvua samaki naitwa mimi, napigwa mabega mimi. Sikuona ubaya wowote. Nilijua niko kwenye mashua bora kuliko zote bondeni, na nilijua ni yangu.

Kisha, kiangazi cha mwaka wa sabini na nne, akaja daktari wa meno.

Aliitwa Eivind, ametoka kusini, na maishani mwake hakuwahi kuvua hata dagaa. Alifikia kwa mdogo wangu Heaika, ambaye hupangisha wageni vyumba. Mgeni haruhusiwi kuvua kwenye mashua pasipo mpiga makasia wa bonde hili, na mpiga makasia wa Heaika alikuwa kateguka kiuno. Heaika akanijia jikoni, kofia mkononi.

"Kaka, niazime shemeji wiki moja."

"Shemeji yako si nyundo ya kuazimwa."

"Nimeshamuuliza mwenyewe, kakubali. Kwako nimekuja kwa adabu tu."

Jumatatu nilikuwa ufukweni naipaka lami mashua ya akiba. Mtoni sauti inasafiri, mtu akikohoa ng'ambo unamsikia. Nikasikia mwanamke anaongea. Nikainua kichwa kutazama ni nani huyo mwenye domo asubuhi yote ile. Alikuwa mke wangu.

"Usitazame katikati, bwana daktari. Huko maji yana haraka, na samaki halali barabarani. Tazama pale maji ya kasi yanapokutana na yale ya polepole. Hapo mpakani ndipo anapopumzika."

"Na mshipi niuachie kiasi gani, mama?"

"Pima urefu wa mashua nne, hizi za kwetu. Ukiachia mfupi anaona kivuli chetu. Na hiyo miguu itulize. Ukigonga mbao, anasikia."

"Akishika je?"

"Hapo ndipo wageni wote wanapoharibu. Usivute! Akigusa, wewe jifanye hujaona kitu. Mwache akiume chambo, ageuke nacho aende zake. Akigeuka, ndoana inaingia yenyewe. Wewe unainua fimbo tu, polepole, kwa heshima, kama unamsalimia mkwe."

Daktari akacheka. Na Ravdna akacheka.

Nilibaki na brashi ya lami mkononi, inanidondokea kwenye buti. Yule mtu alikuwa kageuka mzima mzima kwenye kiti chake, kamwelekea mke wangu, magoti yao hayajaachana hata hatua mbili. Miaka ishirini na sita mimi sijapewa hata nusu ya maneno yale. Wivu ulinipanda. Sitaki kuupamba: nilitamani mashua ipinduke, ilimradi Ravdna aogelee vizuri.

Heaika alikuwa kasimama nyuma yangu, na huyo hana dogo.

"Kaka, kumbe shemeji ana sauti! Nilidhani mlimnunua bila."

"Toka hapa."

"Natoka. Lakini angalia lami, unapaka suruali."

Jioni, Ravdna akiwa anamenya viazi, nikajitia sijali.

"Leo umeongea sana mtoni."

"Aliuliza."

"Mimi je?"

"Wewe?" Hakuinua macho. "Wewe unajua kila kitu."

Nikashindwa kujua kama nimesifiwa au nimepigwa kijembe. Nikaenda kulala na swali hilo.

Jumanne akacheka mara tatu. Najua kwa sababu nilihesabu. Jumatano ndipo nilipokatwa maini. Mimi huchonga vyambo vyangu mwenyewe kwa mti, vya umbo la samaki mdogo, na kimoja nilikichonga majira ya baridi yote mpaka mkia wake ukacheza majini nilivyotaka. Mgongo mweusi, tumbo la manjano. Sikuwa nimekiazima kwa mtu yeyote, hata kwa Heaika. Jumatano asubuhi nikakiona kinaning'inia kwenye fimbo ya daktari wa meno.

"Umempa chambo changu," nikamwambia Ravdna.

"Si ni cha kuvulia? Au ulikichonga cha kuvaa shingoni?"

Kuanzia hapo sikuwa mtu mzima tena, nilikuwa wivu mtupu umevaa buti. Nikaanza kuona jinsi mambo yatakavyokwisha: daktari atavua samaki mkubwa, Ravdna atanogewa na mtu anayesikiliza, na kila kiangazi atakuwa anaingia mashua ya wageni. Mimi nitabaki ufukweni na ndoo ya lami. Kiti kile cha nyuma kilikuwa kitu pekee maishani mwangu kilichonifanya niitwe kwa jina.

Jioni ile ile daktari mwenyewe akaja mlangoni, kaleta pakiti ya kahawa nzuri.

"Mzee Jovnna, samahani kukusumbua. Wote wananiambia wewe ndiye bingwa. Nipe siri moja tu, mimi mwanafunzi."

Ningeweza kumpa siri kumi, zote za kweli. Nikamtazama na vile vidole vyake safi, nikasema:

"Akigusa tu, vuta. Kwa nguvu zako zote, papo hapo. Usimpe nafasi."

"Lakini mama Ravdna kasema nisivute kabisa."

"Ravdna anapiga makasia," nikamjibu. "Mvuvi ni mimi."

Akanishukuru kwa mikono miwili. Kahawa nikaichukua.

Alhamisi nikapanda mwinuko ulio juu ya kilindi cha mto tunachokiita Jiwe Refu, nikaketi kwenye nyasi kama mtu anayepunga upepo. Ravdna aliiteremsha mashua kwa upole, akaivusha, akaivusha tena, mpaka chambo changu kikapita pale pale ambapo mimi mwenyewe ningetaka kipite. Fimbo ikainama kidogo. Daktari akasimama wima ndani ya mashua akavuta kama anang'oa jino la ng'ombe. Tulimwona sote watatu yule samaki, mgongo mpana kama ubao wa kukatia mkate, akajizungusha mara moja akazama. Chambo kikaruka hewani kikapita juu ya vichwa vyao.

Nilifurahi. Furaha yenyewe ilidumu muda wa kuvuta pumzi moja. Kisha nikamwona Ravdna anamuuliza kitu, daktari anamjibu huku mikono inaeleza, na wote wawili wakageuka kutazama mwinukoni.

Nyumbani alipika mchuzi wa samaki tukala. Nimezoea kimya chake, lakini hiki kilikuwa kingine. Nilitamani anitukane nipumue.

Ijumaa mgeni alibaki ndani, viganja vimemchubuka. Ravdna akasimama mlangoni kavaa koti.

"Leo twende wewe na mimi."

Nikaruka kama kijana. Amenirudia, nikasema moyoni, daktari alikuwa mchezo tu. Nikachukua fimbo, nikakaa mahali pangu. Tukashuka hadi Jiwe Refu. Zamu ya tatu ya kuvuka, nikahisi kaguso. Nikatulia. Samaki akauma, akageuka, nikainua fimbo kwa heshima zote. Alikuwa mzito mpaka fimbo ikalia. Kilo kumi na tano, labda zaidi. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu kwa ajili ya watu watakaoniona.

Ghafla uzito ukatoweka. Mshipi ukalegea ukalala juu ya maji. Nikageuka.

Makasia yalikuwa juu ya mapaja ya Ravdna, yanachuruzika maji. Mto ulikuwa umetubeba, unatupeleka moja kwa moja kwa samaki, na mshipi ukilegea samaki huitema ndoana.

"Piga, Ravdna! Piga makasia!"

"Mvuvi si wewe?" akasema. "Haya, vua."

Nilizungusha mshipi kama kichaa. Nilipoufikia mwisho wake, ndoana ilikuwa tupu. Mashua ikajigeuza ubavu, tunaelea tu sisi wawili, naye kakunja mikono ananitazama. Sikumbuki mara ya mwisho tulipotazamana muda mrefu vile.

"Nilimwonea wivu," nikasema.

"Wa nini? Yule mwenye kipara? Anakoroma mpaka nyumbani kwa Heaika wanahama vyumba."

"Si hivyo. Ulikuwa unaongea naye. Unacheka."

"Anageuka kunisikiliza."

Akashika makasia, akaiweka mashua sawa kwa mapigo mawili.

"Kesho ni siku yake ya mwisho," akasema. "Kabla hajaingia mashuani unakwenda kumwambia ulichomfanyia. Kwa mdomo wako. Usipokwenda, tafuta mtu mwingine wa kukupigia makasia, maana mimi hutaniona tena humu. Na sirudii."

Jumamosi asubuhi nilikwenda. Nilimwambia yote pale gatini, Heaika akiwa anasikia, masikio yake yamesimama. Uso ulinishuka mpaka kwenye buti. Daktari akavua miwani, akaifuta taratibu, akaivaa tena.

"Kwa hiyo nisivute?"

"Usivute."

"Asante, mzee," akasema, akaingia mashuani. Hakunitukana hata kidogo, na hilo nalo liliniudhi.

Kabla ya saa sita mchana walirudi na samoni wa kilo kumi na moja. Wanaume walikusanyika kwenye mizani ya Heaika, na mimi nikaja, maana kutokuja kungekuwa aibu zaidi. Juu ya mizani, ukutani, Heaika ana ubao mweusi ambapo huandikwa uzito wa kila samaki na jina la aliyekaa nyuma na fimbo. Hivyo ndivyo inavyoandikwa tangu enzi za babu zetu. Jina langu limejaa pale.

Heaika akachukua chaki. "Haya, daktari, jina lako linaandikwaje?"

"Andika Ravdna."

Watu wakacheka. "Huyo ni mpiga makasia, bwana," Heaika akasema. "Tunaandika mvuvi."

"Ndiyo. Andika Ravdna. Samaki ni wake. Mimi nilikaa kitako tu, nikafanya nilichoambiwa."

Hakuna aliyecheka tena. Heaika akanitazama mimi, kana kwamba ruhusa ilikuwa yangu kutoa, kisha akaandika. Ravdna akajifuta mikono kwenye aproni, akasogea karibu na ubao, akalisoma jina lake herufi baada ya herufi. Machozi yalikuwa yanamlenga, naye hakuyaficha.

Wivu niliokuwa nao wiki nzima haukuwa kitu mbele ya ule ulionipata pale. Maneno yale yalikuwa yangu kuyasema. Nilikuwa na miaka ishirini na sita ya kuyasema, na mng'oa meno wa siku sita akanitangulia.