Mkebe Ndani ya Karai, Soko la Mukuyuni

Nisikilize kidogo, wewe unayesafiri bila haraka, maana jambo kama hili linaweza kukukuta umeketi tu unakunywa chai, na usipokuwa macho utaishia kumsaidia mkosaji. Mimi nilimsaidia.

Tulikuwa wawili, dada yangu mkubwa na mimi, tukitoka kwetu Kanyangi, Kitui, kwenda Salama kumwona ndugu yetu. Dada ndiye aliyetaka tusimame Mukuyuni. Ukitoka kwenye joto la Kitui, ukavuka Mto Athi na kuanza kupanda milima ya upande huu wa Makueni, mwili wenyewe unadai kupumzika. Hewa inakuwa baridi, unaanza kuona migomba na miparachichi, na unakumbuka kwamba hakuna anayekuhimiza. Ilikuwa siku ya soko. Dada alikwenda kutafuta maparachichi, nami nikaketi nje ya hoteli na kikombe cha chai na kipande cha kiazi kitamu.

Hatua chache kutoka mezani pangu, broka wa nafaka alikuwa akinunua mbaazi. Sokoni kwetu mbaazi hupimwa kwa gorogoro, yaani mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, ule wa kilo mbili. Mwenye kuuza hupima nyumbani kwa mkebe wake, na mnunuzi hupima tena kwa wake. Broka huyu alikuwa ameupaka wake rangi ya buluu na kuuweka ndani ya karai pana, ili mbaazi zinazomwagika zisiingie mchangani. Niliona ni mtu nadhifu.

Mama mmoja wa makamo, kilemba cheupe kichwani, alikuwa amemletea gunia kwa pikipiki. Broka alipima akimwaga kwenye gunia lake tupu, akahesabu kwa sauti, akafika kumi na kukwama.

“Mama, kwa simu uliniambia gorogoro kumi na mbili.”

“Ni kumi na mbili. Nimepima jana mara mbili.”

“Hizi hapa ni kumi. Watu wote wameona.” Akawageukia waliokuwa kwenye foleni. “Na huyu ndiye hushika sadaka kanisani kwao. Sijui huko huhesabu namna gani.”

Wengine walicheka. Mama hakucheka. Wanawake wawili wa kanisa lake walikuwa kwenye foleni hiyo hiyo, na mmoja aliinamisha macho. Hapo ndipo palipouma. Mbaazi angeweza kuzirudisha nyumbani, lakini Jumapili angesimama mbele ya watu gani na kikapu cha sadaka?

Sasa sikiliza nilichofanya. Nimefundisha hesabu miaka mingi na nimestaafu, lakini mdomo haujastaafu. Nilisimama na kikombe changu, nikamwendea yule mama kwa upole.

“Mwaitu,” nikamwambia, kama tunavyomwita mama kwetu, “usione haya. Hujadanganya. Mbaazi zikitikiswa kwenye pikipiki zinashikana ndani ya gunia. Zilikuwa nyingi kwa macho, zimefika zimejibana.”

Broka alifurahi sana. “Mnasikia mwalimu? Hata mimi simlaumu. Ni barabara.”

“Basi pengine,” mama akasema polepole, na akaanza kukunja gunia lake.

Kosa langu lilikuwa hili. Ni kweli nafaka ikitikiswa hujibana. Lakini ukiimwaga upya ndani ya mkebe, inalegea tena kama ilivyokuwa mwanzo. Mtoto wa darasa la tano angenisahihisha. Nilitoa maelezo matamu, ya uongo, mbele ya watu, na mtu mwaminifu akaanza kujishuku kwa sababu yangu.

Dada alirudi na maparachichi yake. Aliuza nafaka sokoni miaka mingi kabla ya magoti kumkataza. Nilimsimulia kilichotokea. Alimwendea muuza mahindi wa jirani, akaazima gorogoro yake, kisha akainama kwenye karai la broka.

“Toa mkebe wako hapo ndani, kijana.”

“Cucu, wacha kazi ya watu,” akasema broka, akimwita nyanya.

“Mimi si cucu wako, na hii ndiyo ilikuwa kazi yangu. Toa.”

Broka hakuutoa. Dada aliutoa mwenyewe, akauweka chini kando ya ule wa muuza mahindi. Wa buluu ulikuwa mrefu zaidi kwa upana wa vidole viwili. Chini kabisa, mahali karai lilipouficha, palikuwa na kipande cha bati kilichounganishwa na fundi na kupakwa rangi juu.

“Rangi nzuri,” alisema muuza mahindi. “Imefunika mengi.”

“Mkebe ni mkebe,” broka akanung'unika.

“Basi pima kwa huu wangu.”

Foleni yote ilisogea mbele. Broka alipima upya mbaazi zile kwa mkebe wa muuza mahindi, zikirudi kwenye gunia la mama, na safari hii hakuhesabu kwa sauti. Wale wanawake wawili wa kanisa ndio waliohesabu. Walifika kumi na mbili, na konzi moja ikabaki.

“Haya, tumemaliza,” akasema broka.

Mama alishika mdomo wa gunia kwa mikono miwili. “Hatujamaliza. Ulisema kwa sauti kwamba nadanganya. Nataka uyaondoe maneno hayo kwa sauti hiyo hiyo.”

Broka alijaribu kucheka. Hakuna aliyecheka naye. Mwishowe akasema, “Mama hakudanganya. Ni kumi na mbili,” na yule mwanamke aliyeinamisha macho akainua kichwa.

Nami nilimwomba mama msamaha. Alinipa mkono, kisha akasema bila hasira, “Ulinieleza vizuri sana, mwalimu. Karibu nikuamini.”

Bado nina hasira, na si kwa yule broka pekee. Foleni ile ilikuwa na watu waliomuuzia msimu uliopita, na kila mmoja alirudi nyumbani akidhani ni yeye asiyejua kuhesabu. Alichukua mbaazi zao, akawaachia na aibu wasiyostahili. Na watu kama mimi, wenye maneno mazuri, tulikuwa tukimpigia pasi aibu hiyo ikanyooka.

Usikate tamaa kwa sababu hujasoma hesabu. Kazi hii haihitaji kusoma. Siku ukipeleka nafaka sokoni, beba gorogoro uliyopimia nyumbani. Kabla punje ya kwanza haijamwagwa, toa mkebe wa mnunuzi kwenye karai, uweke chini kando ya wako, na utazame midomo ya mikebe yote miwili kama iko sawa.